Kabati la mama mkwe limejaza sebule yetu: tulirudishe?

"Habari mshauri. Nilifunga ndoa Agosti mwaka jana. Tunaishi Migosi, Kisumu, nyumba ya chumba kimoja cha kulala, ghorofa ya pili. Mume wangu ni wa Vihiga, mimi kwetu ni Njoro. Kwenye harusi tulipewa blanketi sita, seti nne za vikombe, mabirika matatu ya stima na saa za ukutani ambazo sina pa kuzitundika. Hayo ni madogo. Mama mkwe wangu alimpa kazi fundi wa Luanda, huko Vihiga, atutengenezee kabati kubwa la vyombo, la mbao nzito na vioo. Aliuza ng'ombe ili alipe. Limeziba nusu ya dirisha, mlango wa chumba haufunguki wote, na kila nikilitazama nahisi ninaishi kwa mtu. Nilimwambia mume wangu tulirudishe, au tuliuze soko la Kibuye tununue meza ndogo. Alikasirika, na sasa jambo hilo halizungumzwi. Shangazi yake ameniambia zawadi ya mama haiuzwi, nitajiletea laana. Rafiki yangu anasema nikinyamaza nitakuwa mnafiki. Zawadi pekee niliyoipenda ni friji, tuliletewa na mtu anayeuza bidhaa kwa hospitali ya umma ambako mume wangu anasimamia stoo. Hiyo haina shida. Nifanye nini na kabati?"

Dada, naanza na kinachokuuma hasa. Uliingia katika nyumba yako ya kwanza kama mke, na kitu kikubwa kuliko vyote ndani yake kilikuwa kimeshaamuliwa na mtu mwingine: ukubwa wake, rangi yake, hata mahali kitakapokaa, kwa sababu hakikutosha penginepo. Sasa unapita ubavuubavu kando yake kila asubuhi. Kuchoshwa na hali hiyo hakukufanyi mke asiye na shukrani. Mumeo naye, unapotamka neno "kurudisha", haoni mbao. Anamwona mama yake akishushiwa kabati uani, majirani wakitazama. Wewe unazungumzia sebule, yeye anamzungumzia mama. Ndiyo maana mazungumzo yenu yalikatika kabla hayajafika popote.

Niseme mapema ninakoelekea. Kabati msilirudishe, ingawa si lazima libaki lilivyo wala lilipo. Blanketi na vikombe, gawa bila wasiwasi. Na friji, ambayo umeitaja kwa sentensi mbili ukaipita, ndiyo ninayotaka irudi ilikotoka, tena upesi.

Zawadi hubeba mambo mawili kwa pamoja: kitu chenyewe, na neno ambalo mtoaji anakuambia kupitia kitu hicho. Wewe umelelewa Njoro, mumeo Vihiga, na nina hakika pande zote mbili mlifundishwa kwamba jirani akikuletea mboga kwa bakuli, bakuli halirudi tupu. Unatia unga kidogo, au mayai mawili, au viazi. Hakuna anayepima kama mayai yanalingana na mboga. Kinachorudi ni neno: nimekuona, na mimi nipo. Mama mkwe wako aliposimama siku ya harusi na kabati likatangazwa, alikuwa akisema mbele ya ukoo wote kwamba anaitambua nyumba yenu, na kwamba wewe ndiye mwenye nyumba hiyo. Mama wa huku akimpa mkaza mwana kabati la vyombo, amemkabidhi jiko na wageni.

Na tazama alilisema kwa gharama gani. Sensa ya 2019 ilikuta zaidi ya watu 1,000 kwa kila kilomita ya mraba katika kaunti ya Vihiga. Mashamba ni vipande. Ng'ombe mmoja katika kipande kama hicho ndiye maziwa ya chai, mbolea ya mahindi na akiba ya siku ya ugonjwa. Mama alipomtoa, alitoa kitu ambacho hatakipata tena kwa urahisi. Sisemi hivi ili ujione mwenye hatia. Nasema ili ujue kwa nini mumeo alikasirika haraka hivyo. Yeye huenda alikunywa maziwa ya ng'ombe huyo.

Sasa, hapa ndipo watu wengi hukwama. Wanadhani neno na kitu vimeshikana milele, kwamba ukikipokea kitu umejifunga kukitunza mpaka kife. Sivyo. Neno lilipokelewa siku ile mlipopiga magoti mkashukuru. Limekamilika. Hata kisheria zawadi iliyotolewa kwa nia na kupokelewa imeshakuwa mali ya aliyepewa; mtoaji hawezi kuja kuidai kwa sababu tu hakuikuta sebuleni. Kwa hiyo kuhamisha kitu, kukigawa, kukikata, kukiazima, yote hayo yanaweza kufanyika na neno likabaki zima. Kinacholivunja ni kukirudisha kwa aliyekitoa, kwa maana hapo unamrudishia na neno lake. Kurudisha ni jibu zito sana, na lina mahali pake. Nitalifikia.

Rafiki yako anasema kunyamaza ni unafiki. Ana nia njema, lakini amekosea. Ukimwambia mama, "Tunashukuru kwa kutukumbuka kwa kitu kikubwa hivi," umesema kweli tupu, hata kama kitu chenyewe hakikukufaa. Uongo ungekuwa kumwambia kwamba ndilo kabati ulilokuwa ukiliota. Usiseme hivyo, kwa sababu mama mwenye furaha anaweza kuagiza la pili.

Shangazi naye sitamdharau. Wazee wanapotaja laana katika mambo kama haya, mara nyingi wanachunga mtu asidharauliwe, na lugha waliyonayo ya kuchunga ni hiyo. Mimi siamini kwamba mbao zina uwezo wa kukufuata. Ninachokiamini ni kwamba shangazi amekupa habari muhimu: kabati hili linatazamwa. Ukiliuza Kibuye Jumapili, habari itafika Vihiga kabla hujalipwa, kwa sababu mafundi wa Luanda na wa Kibuye wananunua mbao na kutafuta wateja barabara ileile. Na bei itakuumiza. Fundi anayenunua samani iliyotumika analipia mbao na vioo, halipii kazi wala usafiri. Utakuwa umemuuza ng'ombe wa mama mara ya pili, kwa bei ya mbuzi.

Kuna na jambo la sheria ambalo watu hawalijui. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inahesabu vyombo na samani za nyumba ya wanandoa kuwa mali ya ndoa, na inataka ridhaa ya wote wawili kabla mali ya namna hiyo haijauzwa katika ndoa ya mke mmoja. Sidhani mumeo atakushtaki kwa ajili ya kabati. Lakini wazo la kuliuza akiwa kazini, ambalo wasomaji wengine huniuliza waziwazi, liondoe kabisa. Utamaliza tatizo la sebule na kuanzisha lingine ambalo halina fundi.

Basi tufanye nini nalo? Kwanza, leo jioni, chukua tochi ya simu na uchungulie nyuma. Makabati mengi ya namna hii hutengenezwa vipande viwili: sehemu ya chini yenye milango, na ya juu yenye vioo, iliyokalia ya chini na kufungwa kwa skrubu au vibao. Mafundi hufanya hivyo kwa sababu wao wenyewe hawawezi kulipitisha mlangoni likiwa zima, na lako lilipandishwa mpaka ghorofa ya pili. Kama lako ni hivyo, umepata nusu ya jibu. Sehemu ya chini ikibaki peke yake inakuwa meza ya televisheni yenye nafasi ya vyombo, dirisha linafunguka, na mwanga unaingia. Pima urefu wake na pima ukuta ulio mkabala na mlango wa chumba kabla hamjainua chochote. Kama ni kipande kimoja, fundi mzuri anaweza kulikata na kulimalizia, lakini hilo msilifanye kabla mama hajaambiwa. Kufungua skrubu kunarudishika, msumeno haurudi.

Sehemu ya juu iende wapi? Hapa namtazama mumeo. Vijana wengi wa Vihiga, kama walivyo wa Siaya na Kakamega, wana simba, yaani nyumba ndogo ya kijana, bomani waliyojenga kabla ya kuoa, au wana kiwanja walichoonyeshwa na baba. Kama simba yake bado imesimama na paa halivuji, vioo vya mama vikae humo mpaka mtakapopata nyumba kubwa. Huko si kurudisha. Simba ni yake, na sasa ni yako pia. Mama atakiona kipande hicho kikiwa ndani ya nyumba ya mwanawe, kikiwa na vikombe ndani. Ziko hatari mbili. Ya kwanza ni mchwa na unyevu: liinueni juu ya matofali, liacheni mbali na ukuta kama upana wa kiganja, mlipake dawa ya mchwa miguuni. Ya pili ni kubwa zaidi. Gari likiingia bomani na kipande cha kabati bila mtu kuelezwa, kila jirani atasema limerudishwa. Neno litangulie, gari lifuate.

Kumwachia wifi au shemeji aliye na nyumba kubwa ni njia nyingine inayofaa, mradi mama aulizwe na mkubaliane kama mnampa au mnamwazima. Nimeona ndugu wakinuniana miaka kwa sababu mmoja alijua ameazima na mwenzake alijua amepewa. Kuliuza naliweka mwisho kabisa, na kwa baraka za mama pekee. Kuna akina mama ambao wangesema, "Uzeni, mnunue godoro." Wa kwako humjui bado kiasi hicho.

Kati ya hizi zote, mimi ningechagua kuligawanya: chini Migosi, juu simba. Kitu cha mama kinabaki machoni pako na pa wageni, na wewe unapata dirisha lako.

Lakini njia zote hizo zinapitia kwa mumeo, na naye hasikii tena. Usianze na sebule. Anza na ng'ombe. Mwambie, siku ambayo hamjachoka na hamjakaa mbele ya kabati, "Nimefikiria alichokitoa mama, na nilipotaja kurudisha sikulitazama jambo hilo kwa upande wako." Kisha nyamaza umsikilize. Akishamaliza ndipo umwonyeshe mlango usiofunguka na vipimo ulivyochukua. Mwanamume aliyekuwa akimtetea mama yake atashusha silaha akiona hakuna anayemshambulia mama.

Mkikubaliana, aseme yeye, nawe ukiwa pembeni. Jambo hili lisiende kwa simu wala kwa shangazi. Nendeni, bebeni sukari, majani na mkate kama kawaida, mkae, mle, ndipo aseme kitu kama hiki: "Mama, kabati lako ndilo linalotufanya tuonekane watu mbele ya wageni. Nyumba tuliyopanga ni ndogo, limeziba dirisha. Tumeona kipande cha chini kikae Kisumu tukitumie kila siku, cha juu tukiweke simba mpaka tujenge. Tumekuja kukuuliza." Neno "tumekuja kukuuliza" lina kazi kubwa. Anaweza kuwa na wazo bora kuliko langu. Anaweza pia kuumia, na akiumia msianze kumpigia hesabu za futi na sentimita. Kaeni naye, rudini wiki nyingine. Katika familia nyingi za magharibi mwa Kenya mama hawezi kulala katika nyumba ya mwanawe aliyeoa, lakini kunywa chai anaweza. Mwalikeni siku moja ya mchana ajionee mwenyewe dirisha. Macho yake yatafanya kazi ambayo maneno yenu hayawezi.

Kuhusu blanketi, vikombe, mabirika na saa, sitakuchosha. Mwaka 2012 watafiti Gabrielle Adams, Francis Flynn na Michael Norton walichapisha utafiti juu ya watu wanaompa mtu mwingine zawadi waliyopewa. Waliopewa walihofu kwamba mtoaji angeumia kana kwamba kitu chake kimetupwa jalalani. Watoaji wenyewe walisema kukigawa hakuwaumizi kiasi hicho. Hofu ilikuwa kwa mpokeaji zaidi. Utafiti ule haukumhusu mama aliyeuza ng'ombe, kwa hiyo usiutumie kwa kabati. Kwa blanketi sita katika joto la Kisumu unafaa kabisa. Baki na mbili, na mbili mpelekee mama yako Njoro, ambako Julai mtu hulala na soksi. Zilizobaki, yupo mama atakayejifungua katika ploti yenu au katika chama chako. Andika kwanza nani alileta nini, ili uwashukuru wote na usije ukampa mtu zawadi yake mwenyewe au ya dada yake. Toa kadi zilizo ndani ya maboksi. Birika moja tumia, moja weka, la tatu gawa. Seti moja ya vikombe iwe ya wageni wengi.

Ukifikiria kuyarudisha mabirika dukani, ujue kwamba duka halilazimiki kukurudishia pesa kwa sababu tu hukukipenda kitu au unacho kingine. Baadhi hubadilisha kwa hisani, kitu kikiwa hakijafunguliwa na risiti ipo. Kitu kibovu ni suala tofauti: Katiba, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na tangazo la ukutani kwamba bidhaa zikiuzwa hazirudishwi halifuti haki hiyo. Hapo utamhitaji aliyenunua, kwa kuwa risiti na madai ni yake.

Sasa friji. Dada, umeandika kwamba haina shida. Mimi nadhani ndiyo yenye shida kuliko vyote mlivyopewa.

Turudi kwenye lile neno linalobebwa na kitu. Mama alisema, "Naitambua nyumba yenu." Mtu anayeuza bidhaa kwa hospitali, akimpa msimamizi wa stoo friji, anasema nini? Huenda ni mtu mwema aliyefurahia harusi. Lakini mumeo ndiye anayehesabu katoni zake zikifika, ndiye anayetia sahihi kwamba zimetimia na si mbovu. Siku katoni zitakapopungua, mumeo atasaini akiwa na maji baridi ya mtu huyo nyumbani kwake. Hata akiwa mwaminifu na akatia sahihi ya kweli, nani atamwamini? Sheria ya maadili ya watumishi wa umma ya 2003, ambayo mwaka 2025 nafasi yake ilichukuliwa na Sheria ya Mgongano wa Maslahi, iliweka tofauti hiyo wazi: zawadi ya ndugu au rafiki katika sherehe inayotambuliwa na mila ilikuwa halali, ila mtumishi hakutakiwa kupokea kitu kutoka kwa mtu mwenye mkataba na taasisi yake au mwenye maslahi yanayoguswa na kazi yake. Nayo Sheria ya Hongo ya 2016 haiangalii pesa taslimu peke yake. Inaangalia manufaa ya namna yoyote. Si kila zawadi ni hongo, na simhukumu mumeo. Ninachosema ni kwamba hapa neno lenyewe ndilo msilolitaka. Neno mnalolikataa, mnalirudisha pamoja na kitu chake.

Airudishe hivi. Amwandikie mkuu wake wa kazi barua fupi: ni kitu gani, kilitoka kwa nani, kililetwa lini, na kwamba anakirudisha. Abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokewa. Friji ipelekwe mchana, akiwa na shahidi, na anayeipokea atie sahihi. Kwa mtoaji aseme kwa upole, bila kumshutumu: "Tulifurahi ulivyotukumbuka. Kazi yangu hainiruhusu kupokea kitu hiki kutoka kwako." Asijaribu kuilipia kimyakimya, kwa maana malipo ya siri yataonekana kama mpango mwingine. Kama mtu huyo ameshawahi kudokeza apewe upendeleo, jambo limebadilika: sheria ya 2016 inamtaka mtumishi wa umma anayejua au kushuku hongo aripoti ndani ya saa 24 kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC, ambayo ina ofisi Kisumu. Katika hali hiyo aone wakili kabla hajairudisha friji, kwa kuwa inaweza kuwa ushahidi.

Najua inauma kuambiwa kitu ulichokichukia kibaki na ulichokipenda kiende. Friji mtanunua, hata ndogo, hata kwa kuweka pesa kidogo kidogo kwenye chama.

Mengine hayatatuliwi kwa maandishi. Ikiwa mtajaribu kuzungumza kama nilivyoeleza na kila mara yakaishia kwa kelele au kwa siku za kununiana, tafuteni mtu wa kukaa nanyi ana kwa ana: wasimamizi wenu wa ndoa, mchungaji au padri mnayemwamini nyote wawili, au mshauri wa ndoa aliyesomea kazi hiyo. Asiwe shangazi aliyeshatoa hukumu. Ikiwa mama mkwe anatumia zawadi kukuamrisha, anaingia na kupanga nyumba yako, au unaambiwa huna sauti kwa sababu vitu ni vya kwao, hilo ni la wazee wa pande zote mbili, na wa Njoro wawepo. Na kama katika ugomvi huu umewahi kupigwa, kutishwa au kufungiwa nje, achana na kabati. Piga 1195, simu ya msaada ya bure, au nenda ofisi ya FIDA Kenya, shirika la mawakili wanawake, iliyoko Kisumu.

Kama hakuna hata moja kati ya hayo, anzeni na friji wiki hii, kabla mtu huyo hajaleta mzigo mwingine hospitalini. Kabati linaweza kungoja mpaka mwisho wa mwezi mtakapopanda gari kwenda Vihiga.